Mwaka Pipa la Juma Lilipolala

Tulipomzika Juma pale kijijini kwetu Midia walikuja watu wawili kutoka pwani, watu aliofanya nao kazi, na mmoja wao akasimama kusema maneno. Kiswahili chake kilikuwa laini kama kanzu iliyopigwa pasi. Sisi watu wa Koboko tulimsikiliza kama tunavyosikiliza redio, wengine wakitikisa kichwa hata pale ambapo hawakuelewa. Alisema kwamba mbali ndani ya bahari, mahali ambapo ukisimama kwenye chombo huoni nchi kavu upande wowote, kuna pipa la Juma linalopanda na kushuka na mawimbi usiku na mchana. Kule kupanda na kushuka ndiko kunakolipatia umeme, alisema, na kwa umeme huo linapima joto la maji na ukubwa wa mawimbi, kisha linatuma habari nchi kavu, bila mtu kwenda kulitia betri mpya. Watu wakasema Allahu akbar, polepole. Mimi nilikuwa kwenye mkeka wa wanawake, na Poni, jirani yangu wa tangu zamani, ambaye siku hizi hana jino hata moja la mbele, akanigusa goti. "Mariamu," akasema, "hii kitu anasema, si ile pipa yetu?" Nikamwambia ndiyo, ni ile. "Ile ya magunia?" Ile ya magunia. Akacheka ndani ya shuka yake mpaka nikamfinya, maana tulikuwa matangani.

Bahari mimi sijaiona hata leo. Wajukuu wameniletea picha kwenye simu, nikaona maji tu, maji mengi yasiyo na ng'ambo. Lakini kitu kile alichokisifu mgeni wa pwani mimi nilikiona kilipokuwa bado pipa la mafuta lenye kutu, na aliyelitengeneza alikuwa anakula chakula nilichopika. Tangu siku ya mazishi nimekuwa nikikaa barazani hapa Arua, kengele ya kanisa la Ediofe inalia kule ng'ambo, nami siyo mtu wa kengele, na mawazo yanarudi kwenye mwaka ule mmoja. Watu husema mwaka wa vita ndio ulionifundisha maisha. Hapana. Vitani nilikuwa nakimbia tu, na mtu anayekimbia hajifunzi kitu zaidi ya njia. Nilijifunza mwaka tuliorudi.

Tulirudi kutoka Sudan tukakuta nyasi zimeota ndani ya nyumba, ndefu kuliko mtoto. Tulikuwa wawili, mimi na mama mkwe wangu Hawa, ambaye kila mtu alimwita Mama Rajabu, na mimi Mama tu. Rajabu alikuwa mwanawe wa kwanza, naye ndiye aliyekuwa mume wangu. Alikufa kwa homa kulekule ukimbizini, lakini jina la mama likabaki na yeye, na kila mtu alipomwita mtoni au sokoni nilisikia jina la marehemu. Wana wengine wawili hata kaburi lao hatukulijua, walipotea tulipokimbia. Alikuwa amebaki Juma, kitinda mimba, aliyekuwa amekwenda mbali kusoma mambo ya mashine. Naye akarudi mwaka uleule, amekonda, na begi moja la nguo na sanduku moja la nyaya. Tulikuwa tumeezeka nyumba moja tu, tukampa yeye, sisi tukalala jikoni. Ile nyumba yake ninaikumbuka kuliko nyumba yoyote niliyolala mimi mwenyewe. Meza aliitengeneza kwa mbao za masanduku ya risasi, maandishi ya jeshi bado yakisomeka ubavuni, na juu ya meza kulikuwa na dinamo za baiskeli, betri ya gari, na kisanduku chenye kalamu nyembamba iliyochora mstari kwenye karatasi ndefu inayojikunja. Ukiingia na sahani ya chakula unakutana na harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya, iliyoyeyushwa kwa moto, imechanganyika na moshi wa samaki kutoka jikoni kwetu. Tulikula ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, na kunde zilizotiwa simsim, ule ufuta wa kusaga. Siku za Ijumaa Mama alimwaga kisra, ule mkate mwembamba kama karatasi, juu ya bati la moto, kama tulivyojifunza Sudan. Juma alikula, kisha akaosha sahani yake mwenyewe. Wanawake wa jirani walikuja hasa kuangalia jambo hilo.

Sasa niseme habari ya desturi, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwetu mume akifa, ndugu yake huingia mahali pake, ili mjane asibaki kwenye baridi na watoto wasipotee. Mimi sikuwa na watoto, lakini nilikuwa mjane, na Juma alikuwa ndugu. Wazee walikwisha kuja, wakala kuku, wakasema neno. Mama alilitaka sana. Juma hakukataa wala hakukubali, alisema, "Wazee wangu, ngoja kwanza hii kazi iishe." Mimi hakuna aliyeniuliza, na nitasema kweli, wakati ule sikuona kwamba kuna kitu cha kuulizwa. Nilikuwa kama chungu kilichowekwa mlangoni kikingoja mwenyewe aje akichukue. Juma alikuwa mtu mwema. Kama wangenipa kwake ningekwenda, na pengine ningefurahi.

Kazi yenyewe aliieleza siku moja tukiwa tumekaa kando ya majivu ya moto, Mama akichambua majani ya kunde. Alisema kule mbali watu wanataka kujua bahari inafanya nini, maana mvua inatoka huko, lakini vyombo vyao vya kupima vinakufa haraka kwa kuwa betri zinaisha, na kwenda kuzibadilisha katikati ya maji ni kazi kubwa. Yeye anataka wimbi lenyewe lizungushe dinamo.

"Na bahari iko wapi hapa?" Mama akauliza. "Iko Midia?"

"Hapana, Mama. Lakini pale mtoni kwetu, chini ya mawe, wakati ya mvua, maji iko naruka siku yote, haipumziki. Mimi nataka wimbi tu. Kama pipa inaweza kupanda na kushuka pale, itaweza kule."

"Halafu?"

"Halafu wageni wanakuja kuona, mwisho wa mvua. Wakikuta kalamu naandika, wananichukua kwenda pwani."

"Wakikuta haiandiki?"

"Basi. Nakaa hapa, nafundisha shule."

Mama alichukua kipande kikubwa cha samaki, chenye tumbo la mafuta, akakiweka kwenye sahani ya Juma, kisha akaendelea na kunde zake. Nilimtazama mikono. Alikuwa anatupa majani mazuri na kubakiza mabua.

Pipa likaingia mtoni mvua zilipokaza. Juma alilifunga kwa kamba nene ya gari iliyotoka kwenye nondo aliyoipigilia mwambani, ikapita juu ya dimbwi la kando, mpaka pale maji yanaporuka. Juu ya pipa kulikuwa na mkono wa chuma: pipa likipanda mkono unapanda, likishuka unashuka, na dinamo inazunguka. Waya ulikuja mpaka kwenye kibanda cha nyasi alichojenga ukingoni, kwenye kile kisanduku cha kalamu. Siku ya kwanza tulikwenda sote kuangalia. Kalamu ilikuwa inatetemeka, inachora milima na mabonde, na Jokudu, dada yake Poni, mtu asiyesema sana, akasema, "Inaandika kama mwalimu amelewa." Juma mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini lile dimbwi la kando lilikuwa letu. Muhogo wetu ni ule mchungu, ukiula bila kuuloweka unakuua au unakuvunja miguu, na mavuno yale yalikuwa ya kwanza tangu turudi. Kila mwanamke alimenya, akatia kwenye gunia, akalifunga kwenye mizizi ya mti ukingoni, muhogo ukalala majini mpaka ulainike. Ile mvua ikachukua mti pamoja na mizizi yake na magunia mawili ya Poni. Basi, pale pana kamba mpya, nene, imefungwa kwenye chuma ndani ya jiwe. Mwanamke gani ataiacha? Poni akafunga, Jokudu akafunga, Mama akafunga, na mimi nikafunga. Magunia yalining'inia majini kama popo. Kamba ikavutwa chini, pipa likavutwa nalo, likazama mpaka shingoni, mawimbi yakawa yanapita juu yake. Kalamu ikachora mstari mnyoofu kama barabara ya lami.

Juma akaja akasimama juu ya mwamba, akaangalia magunia, akatuangalia sisi. "Mama zangu," akasema, "nani amefunga mbuzi yangu?"

"Mbuzi yako iko nenepa," Poni akamjibu. "Inakula muhogo."

"Mnaniua."

"Na wewe unataka tule muhogo na sumu? Sema tu. Utuzike, halafu upime machozi."

Wakabishana hivyo, wakicheka, mpaka Juma akaingia mwenyewe majini na nondo nyingine, akaipigilia upande wa chini, akatufungia kamba yetu wenyewe ya magunia. Aligonga sana siku hiyo, viganja vyake vikachubuka. Wanawake wakamshukuru, Jokudu akamletea mayai. Pipa likaamka. Tukadhani maneno yameisha.

Halafu, mvua zikiwa zinakaribia mwisho, pipa likalala tena. Hakukuwa na gunia lolote kwenye kamba yake, sote tuliona. Juma akafungua dinamo, akasugua kila kitu kwa mafuta ya taa, akafunga tena. Pipa linalala. Akabadilisha waya. Linalala. Mimi nilikuwa nampelekea chai kibandani, nikikuta ameketi mbele ya ile karatasi yenye mstari mnyoofu, na uji wa asubuhi bado uko pale una ngozi juu. Mama nyumbani alikuwa amechangamka kuliko siku zote. Alianza kusema habari za kuezeka nyumba ya pili. Alimwambia Poni, nikisikia nyuma ya ukuta wa jikoni, "Shule ya hapa iko nataka walimu sana. Mungu anajua kazi yake."

Nikamwona Mama alfajiri moja. Alikuwa amechota maji ya kutawadha, kama kawaida, lakini hakurudi. Nikamfuata nikifikiri ameteleza. Alikuwa amesimama dimbwini, maji kifuani, amejitanda kichwa kwa swala, mikono yake iko chini ya maji, anakaza fundo. Alipotoka hakuniona. Aliswali palepale juu ya mwamba, na alikaa kwenye sijida muda mrefu.

Nilirudi nikawasha moto. Siku ile nilipika vibaya, ugali ulikuwa na mabonge. Juma alipokuja kuchukua kaa la moto la kuyeyushia risasi, nilikuwa sijaamua niseme au ninyamaze, na yeye akanitangulia. "Shemeji," akasema, bila kuniangalia, "mimi nimeona gunia."

"Gunia gani?"

"Iko chini kabisa, pale kamba ya pipa inaingia maji. Nilizama jana, nikashika. Ndani iko muhogo kidogo na jiwe kubwa." Akapuliza kaa likawa jekundu. "Mutu haloweki jiwe."

"Kwa nini hukuitoa?"

"Ile fundo naijua. Ndiyo Mama alikuwa anafunga nayo kitambaa yangu ya shule." Akageuza kaa kwa kijiti. "Nikiitoa mimi, nitakwenda pwani kama mwizi. Aitoe yeye. Kama hawezi, basi mimi nakaa."

"Na wageni?"

"Wageni wanakuja tu."

Nilimwambia ni mjinga. Ndiyo, nilimwambia hivyo, shemeji yangu msomi, kwa mdomo huu. Akacheka kidogo, akabeba kaa lake akaenda. Nikabaki na moto, na nitaeleza nilichofikiri, maana nimezeeka na sina wa kumwogopa. Nilifikiri: likibaki gunia, Juma anabaki, na wazee watarudi kula kuku, nami nitakuwa na nyumba yenye mwanamume anayeosha sahani. Sikuliona jambo hilo kuwa baya. Lakini nilipomfikiria ameketi kila siku mbele ya watoto wa shule akiwa na ule mstari mnyoofu machoni, nikausukuma ule ugali kando. Tulikuwa watatu katika nyumba ile, mama anajua, mwana anajua, mimi najua, na tulikula pamoja tukisema habari za simsim. Leo nikiwasikia vijana wakisema mama zamani walikuwa wakali, nakumbuka kimya kile. Hakikuwa cha ukali. Kila mmoja alikuwa anamwogopa mwenzake asije akamvunja.

Wageni wakaja na gari lenye matope mpaka kioo, mzungu mmoja na mama mmoja wa kutoka Entebbe, mnene, mwenye sauti ya chini. Mama alikuwa amechinja. Alipika wali, alipika kuku kwa simsim, alipika kisra nyembamba hata ungeweza kuona mkono upande wa pili. Walikwenda kwanza kwenye kibanda, sisi tukawapelekea chakula kulekule, tukakiweka juu ya mkeka. Karatasi ilikuwa inajikunja na mstari wake. Mzungu aliinama akaangalia, akagonga kisanduku kwa kidole. Yule mama wa Entebbe akauliza kitu, Juma akajibu, akauliza tena. Walisema Kiingereza, sikuelewa neno, lakini sura inaeleweka kwa lugha zote. Mzungu akatikisa kichwa. Yule mama akamshika Juma bega, kama unavyomshika mfiwa.

Mama alikuwa amesimama na bakuli la mchuzi. "Wanasema nini?" akamuuliza mwanawe.

Juma akageuka, akatabasamu. "Wanasema chakula yako ni tamu sana, Mama. Hawajakula kisra kama hii."

Mama akamwangalia. Mimi nilikuwa karibu nao, nilimwona anamwangalia vile alivyomwangalia Rajabu siku ya mwisho, mwanawe alipomwambia hana maumivu. Akaliweka bakuli chini juu ya mkeka, akaliweka vizuri, akanyoosha kifuniko. Kisha akateremka ukingoni na nguo zake za wageni, gomesi yake ya kijani na mkanda wake, akaingia majini.

Yule mama wa Entebbe akapiga kelele kidogo, akidhani bibi anajiua. Juma hakusogea. Maji yalimfika Mama kifuani, akavuta pumzi akainama, kichwa kikapotea chini, gomesi ikajaa hewa ikaelea mgongoni kwake. Akainuka kupumua. Akainama tena. Fundo lililolowa muda mrefu ni gumu, tena alikuwa analifungua kwa vidole vyenye baridi yabisi. Nilitaka kuingia nimsaidie, Juma akanishika mkono. Mara ya tatu Mama alipotoka alikuwa na gunia. Alilimwaga jiwe humohumo mtoni, akajitwika muhogo uliobaki, akapanda ukingoni maji yakimwagika kwenye mikono yote ya gomesi, akapita mbele ya wageni akipiga goti kidogo, kama inavyotakiwa, na kuwaamkia kwa Kiswahili. Harufu ya muhogo uliooza ikajaa kibanda.

Nyuma yao kalamu ikaanza kukwaruza.

Mzungu akageuka. Yule mama wa Entebbe akageuka. Pipa lilikuwa linaruka kule kwenye maji kama mtoto aliyefunguliwa mgongoni, mkono wa chuma unapanda na kushuka, na karatasi inajaa milima. Wageni wakaanza kusema wote wawili kwa pamoja. Juma peke yake hakuiangalia. Alimfuata Mama, akataka kumtua gunia.

"Acha," Mama akamwambia. "Hii ni muhogo yangu. Wewe angalia yako."

Jioni nilimkamua nguo, nikamkalisha karibu na moto. Nilimuuliza kwa nini. Akawa anageuza miguu yake kwenye joto. "Alinidanganya mbele ya wageni wake, kunilinda mimi," akasema. "Alicheka na mimi, na macho yake inakufa. Wanangu wawili walichukuliwa na vita, moja na homa. Huyu nilikuwa nataka kumchukua mimi mwenyewe."

Juma aliondoka kabla ya kiangazi kukolea, kwenye lori la pamba lililokwenda Arua. Alipiga magoti mbele ya mama yake, yeye akamtemea mate kichwani kwa baraka, kama tunavyofanya. Kwangu alisema, "Shemeji, unisamehe." Nikamwambia sina la kusamehe, na ilikuwa kweli kwa nusu. Lori lilipokwenda Mama hakulia. Aliingia ndani ya nyumba ile, akafagia vipande vya waya, akaviweka kwenye kopo, akakaa juu ya kitanda mpaka magharibi. Juma alirudi mara nyingi baadaye, mwisho na mke wa huko na watoto wanaosema Kiswahili kile cha pasi, na Mama alikufa mikononi mwake. Lakini hayo si ya mwaka ule.

Ya mwaka ule yalimalizika hivi. Wazee walirudi. Walisema kwa kuwa Juma amekwenda, yuko Sebi, mtoto wa baba yake mdogo, mwenye wake wawili na ng'ombe, naye yuko tayari kuingia mahali pa Rajabu. Mzee Abdala, aliyekuwa mkubwa wao, alisema vizuri, kwa heshima, hakukosa neno. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikimimina chai. Wote wakamgeukia Mama, maana yeye ndiye aliyekuwa wa kujibu.

"Mnaniuliza mimi?" Mama akasema. "Mariamu ndiye huyu. Muulizeni yeye."

Mzee Abdala alikohoa. Sebi akaangalia viatu vyake. Mimi birika lilikuwa mkononi, zito, na nilijaribu kukumbuka siku yoyote ambayo mtu aliniuliza ninataka kwenda wapi, iwe siku ya kuolewa, iwe siku ya kukimbia, iwe siku ya kurudi, nikaikosa. Mama hakunihimiza. Alinisubiri kama nilivyomsubiri yeye atoke majini.

"Hapana," nikasema. "Mimi nataka kwenda Arua, kuuza samaki."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Mzee Abdala akamtazama Mama, akingoja arekebishe.

"Mmesikia," Mama akasema. "Sasa kunyweni chai, iko napoa."